Kufuli lililobonyeza triga: kisa cha bastola iliyofyatuka chumba cha marubani

Kazi yangu ni kufundisha walinzi wa makampuni binafsi hapa Dar namna ya kukaa na silaha bila kuumizana wenyewe kwa wenyewe, na kila nikipata kundi jipya kuna kisa kimoja nawapa siku ya pili asubuhi, kabla sijamruhusu mtu kushika kitu chochote. Hakina benki wala majambazi, ni kisa cha rubani. Mwanzoni watu wanacheka, rubani na chuma wapi na wapi, ila ikifika saa sita mchana kicheko kinakuwa kimeisha kwa sababu wameshaona kwamba yule bwana hakuwa anaichezea bastola, hakuwa anamwonyesha mtu, alikuwa anaifunga. Anaifunga kwa kufuli kabisa, kama alivyotakiwa. Na hapohapo ndio ikafyatuka.

Tukio ni la kweli, lilitokea Marekani Machi 2008. Jina la rubani, kampuni yake, namba ya safari na miji nimeviondoa, havitusaidii kitu kwenye somo hili.

Marubani walianzaje kubeba bastola

Kabla ya Septemba 2001 mlango wa chumba cha marubani ulikuwa mlango tu, mtu mwenye nguvu zake anausukuma unafunguka. Baada ya zile ndege nne kutekwa Wamarekani wakaamua mambo mengi kwa mpigo, milango ikaimarishwa (mashirika yakapewa hadi Aprili 2003 yawe yamemaliza), askari wa siri wakaongezwa kwenye siti za abiria, na chama cha marubani nacho kikaja na hoja yake: mtu akishavunja mlango ule, nyuma yake tumebaki sisi wawili na mikono mitupu, tupeni silaha.

Serikali yenyewe ilikataa. Mei 2002 mkuu wa TSA, ile mamlaka yao ya usalama wa usafiri, aliwaambia maseneta kwamba hapana, rubani kazi yake ni kurusha ndege. Ila bunge lilikuwa upande wa marubani. Julai 2002 Baraza la Wawakilishi likapitisha kwa kura 310 dhidi ya 113, Septemba Seneti 87 kwa 6, na mwezi wa kumi na moja ikaingizwa kwenye sheria kubwa iliyounda wizara ya Usalama wa Ndani. Nalisema hili kwa sababu lina maana huko mbele: chombo kilichopewa kazi ya kuandika taratibu za bastola ndicho kilekile ambacho hakikuitaka bastola ile ndani ya ndege. Ukiandika utaratibu wa kitu usichokiamini utaandika makufuli mengi, ni ubinadamu.

Kundi la kwanza lilimaliza mafunzo Aprili 2003 kule Glynco, Georgia, marubani 44. Baadaye mafunzo yakahamishiwa Artesia, New Mexico, jangwani huko, na marubani wa ndege za mizigo nao wakaruhusiwa kujiunga. Mpango wenyewe unaitwa FFDO, herufi za kwanza za Federal Flight Deck Officer, na rubani akiapishwa anakuwa ofisa wa shirikisho, lakini ofisa wa ajabu kidogo. Hana mamlaka ya kukamata mtu mtaani wala uwanja wa ndege, mamlaka yake yanaishia kwenye chumba cha marubani basi. Ni kama mlinzi ambaye ulinzi wake unaanza na kuisha kwenye kibanda cha geti.

Masharti ya kubeba

Ni kazi ya kujitolea. Mafunzo na bastola vinatolewa na serikali, nauli na malazi rubani anajilipia mwenyewe, halipwi hata senti kwa kubeba. Wanampima akili na kumchimba historia yake kwanza. Mafunzo ni kama wiki moja hivi, alafu kila mwaka mara mbili anarudi kulenga shabaha kuonyesha bado anaweza. Asiporudi anarudisha silaha. Utambulisho wake ni siri, abiria hatakiwi kujua kama kepteni wa leo ana kitu au hana.

Hapo mpaka sasa mimi sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu uko kwenye sharti la kusafirisha. Akiwa ndani ya chumba na mlango umefungwa, bastola inakaa mwilini mwake, ipo tayari, ina risasi. Akitoka nje ya chumba kile haruhusiwi kuwa nayo kiunoni kama polisi wa kawaida, inatakiwa iwe imefungwa kwenye kasha au mkoba wake. Sasa hesabu mwenyewe siku ya rubani wa safari fupifupi. Asubuhi anafika, anaingia ndegeni, anaifungua, anaivaa. Anatua, anaivua, anaifunga. Anabadilisha ndege. Anaifungua tena. Safari tatu nne kwa siku, na kila safari silaha yenye risasi inashikwa mara mbili kwa uchache, kwenye chumba kidogo kuliko bafu la nyumba ya kupanga, mtu amekaa, amefungwa mikanda, giza wakati mwingine.

Polisi wa kawaida anavaa chuma chake asubuhi na kukivua jioni. Mara mbili kwa siku nzima.

Holsta yenyewe

Hapa naomba usome taratibu maana kisa chote kimelala hapa.

Bastola waliyopewa ni ya Kijerumani, Heckler & Koch USP, ya kaliba ya .40, yaani risasi yenye unene wa kama milimita kumi. Ili isiweze kutumika na mtu mwingine ikiwa imefungwa, holsta yake, yaani ile ala ya ngozi ya kuvalia bastola, ilitobolewa tundu linalopita upande mmoja mpaka mwingine, sawasawa na pale triga inapokaa, kile kidude unachovuta kwa kidole kufyatua. Unachomeka bastola kwenye holsta, alafu unapitisha ule upinde wa kufuli kwenye tundu, unapita katikati ya kile kiduara cha chuma kinachozunguka triga, unabana, tik. Kufuli la kawaida tu, la aina ambayo mtu anafungia sanduku la shule.

Bastola ikiwa imezama mpaka mwisho, upinde wa kufuli unapita *nyuma* ya triga. Triga ikitaka kurudi nyuma inagonga chuma, haiendi popote. Safi kabisa, hakuna wa kuivuta.

Sasa chukulia bastola haijazama mpaka mwisho. Imepanda juu kidogo tu, upana wa kidole labda, kwa sababu ya mkanda wa kiti, au nguo, au mtu kaikandamiza vibaya. Tundu la holsta halijasogea, bastola ndio imesogea juu, kwa hiyo upinde wa kufuli ukiupitisha sasa unaingia *mbele* ya triga. Kwa nje huoni tofauti yoyote, ngozi imefunika. Kufuli linaingia vizuri, linabana vizuri, linatoa ule mlio wake. Alafu unaona bastola imesimama juujuu, unaisukuma chini ikae sawa. Bastola inashuka, kufuli halishuki, na kile chuma kinabaki kimeikamata triga kwa mbele na kuirudisha nyuma.

Umeshafyatua. Kidole chako hakipo hata karibu.

Siku yenyewe

Ndege ilikuwa Airbus A319, abiria 124 na wafanyakazi 5. Safari ilikwenda salama, saa kadhaa angani, hakuna aliyemsumbua mtu. Wakaanza kushuka kuelekea kutua.

Wakiwa kwenye kama futi 8,000 hivi, kepteni akaanza kuihifadhi bastola yake. Hivyo ndivyo alivyowaeleza polisi baadaye, kwamba alikuwa anaiweka salama wakati wanajiandaa kutua. Ikafyatuka risasi moja.

Risasi ikapita ukuta wa upande wa kushoto wa chumba, ikatoka nje chini ya dirisha la rubani, ikaacha tundu dogo kwenye bati la ndege. Haikumgusa kepteni, haikumgusa mwenzake, haikukata kitu kilichowazuia kuendesha. Wakaendelea na safari, wakatua kama kawaida, abiria wakashuka kwa miguu yao wakaenda kuchukua mabegi. Ndege ikawekwa pembeni ikaguliwe, polisi wakaitwa.

Kwa mpangilio wa matukio ni hayo tu. Ukimsimulia mtu kituo cha daladala unamaliza kabla konda hajaita abiria watatu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ni kuifunga bastola wakiwa bado angani. Watu wengi darasani wanaurukia huu, mbona asingesubiri watue? Mimi najaribu kukaa kwenye kiti chake. Ndege ikishasimama getini mlango unafunguliwa, watu wanaingia na kutoka, mhudumu anakuja na karatasi, fundi anaulizia kama kuna hitilafu, na wewe una bastola ya siri ambayo kwa sharti haitakiwi kutoka humo ndani bila kufungwa. Kati ya kutua na geti una kazi ya kuitembeza ndege chini, redio inaongea. Kwa iyo mtu anatafuta dakika ya utulivu mapema. Sidhani alikuwa mzembe hapo, alikuwa anawahi kutii sharti. Huo ni usomaji wangu mimi lakini, sikuwemo.

Ila dakika aliyoipata haikuwa ya utulivu. Marubani wana kanuni ya tangu 1981 kule Marekani kwamba chini ya futi 10,000 hakuna stori, hakuna chai, hakuna kufanya chochote kisichohusu kuendesha ndege salama, kwa sababu ajali nyingi hutokea kwenye kupanda na kushuka. Futi 8,000 iko ndani ya kanuni hiyo. Yaani kazi ya mikono inayohitaji macho yote mawili iliangukia kwenye kipande cha safari ambacho macho yote mawili yana kazi nyingine. Sharti la silaha na kanuni ya kurusha ndege vilikutana kwenye magoti ya mtu mmoja na hakuna aliyevipatanisha kabla.

Uamuzi wa pili sio wake. Ni wa waliochagua kufuli lipite kwenye triga. Kulikuwa na njia nyingine, kasha gumu lenye namba unaloingiza holsta na bastola yake bila kuigusa, unafunga kifuniko. Kwa nini walichagua tundu na kufuli? Nadhani kwa sababu kwenye karatasi inaonekana salama zaidi, "silaha ina kufuli kwenye triga", bosi akisoma anaridhika. Na marubani wenyewe walikuwa wakilalamikia mpangilio huo kabla hata haijafyatuka.

Uamuzi wa tatu ni kuendelea kutua. Mtu unaweza kusema wangetangaza dharura, wangegeuza. Kwenda wapi? Uwanja uko mbele, ndege inatii, mtu hajaumia. Chini ndio mahali salama kuliko pote na tayari walikuwa wanaelekea chini.

Kilichofuata

TSA wakasema ndege haikuwa hatarini, wakafungua uchunguzi. Kepteni akasimamishwa, kampuni ikaanza mchakato wa kumfukuza kazi, chama cha marubani kikasimama upande wake kikasema msimfukuze mtu kwa kosa la holsta. Baadaye wakaguzi wa ndani wa wizara yao ya Usalama wa Ndani wakaandika ripoti wakasema wazi kwamba mpangilio ule wa holsta na kufuli unaongeza uwezekano wa silaha kufyatuka bila kukusudiwa, na wakashauri uachwe, itafutwe njia nyingine. Mpango wenyewe haukufa, upo mpaka leo.

Uchambuzi

Nianze na kile ambacho watu wa sinema wanakiogopa, kwamba risasi ikitoboa ndege basi kila mtu ananyonywa nje. Haiko hivyo. Ndege ya abiria inasukumiwa hewa muda wote na ina mlango wake maalum wa kutolea hewa ya ziada, mkubwa kuliko tundu la risasi mara nyingi sana, tundu moja la milimita kumi linaongeza kelele na upepo kidogo. Na kwenye futi 8,000 tofauti ya hewa ya ndani na nje imeshakuwa ndogo. Kwa hiyo tundu lenyewe halikuwa tishio. Tishio ni kilichomo nyuma ya ule ukuta. Kwenye Airbus upande wa kushoto wa kepteni ndiko kuna kile kijiti cha kuendeshea ndege, na barakoa yake ya oksijeni, na nyaya. Mbele kuna vioo na mitambo. Kulia kuna mwenzako. Nyuma kuna watu 124. Chini kuna kompyuta za ndege. Wanafunzi nawaambia nionyesheni upande salama wa kuelekeza mtutu humo ndani, wanazungusha macho weee, hakuna anayejibu.

Sisi kituoni tuna pipa la mchanga. Mlinzi akikabidhi lindo anaelekeza mtutu kwenye pipa, anatoa magazini, anafungua chemba, anaangalia, mwenzake naye anaangalia. Ikifyatuka kwa bahati mbaya mchanga unameza. Sharti lolote linalomlazimisha mtu kushika silaha yenye risasi linatakiwa liseme pia pipa la mchanga liko wapi, na angani hakuna pipa.

Kilichofanya kazi siku ile ni kidogo lakini kipo. Mtutu haukumwelekea mtu. Sijui kuita ni mazoea mazuri au ni Mungu tu, kwa namna kepteni anavyokaa na upande anaovalia, inawezekana ni vyote. Waliendelea kurusha ndege kwanza, mambo ya bastola baadaye, huo ni utaratibu wa marubani tangu zamani, kwanza ndege, mengine yatasubiri. Na hakuna aliyeficha. Tundu lilionekana, polisi wakaitwa, maelezo yakatolewa. Hiyo ya kutoficha nawakazia sana kwa sababu mimi nimekuwa kwenye lindo, miaka hiyo, ambapo bunduki ya pampu ilifyatuka ukutani wakati wa kubadilishana zamu, tukaziba tundu kwa simenti usiku uleule na kupiga rangi, na hakuna aliyejifunza kitu. Miezi michache mbele ikafyatuka tena, lindo lilelile, safari hii kwenye mguu wa mtu.

Sasa kilichofeli. Kuna zile kanuni nne ambazo kila mtu anazijua, chukulia kila silaha ina risasi, usielekeze mtutu kwa usichotaka kukiharibu, kidole mbali na triga, jua kilichoko mbele na nyuma ya unacholenga. Kanuni ya tatu ndiyo inayookoa watu wengi zaidi. Silaha za kisasa hazifyatuki zenyewe ukizidondosha, karibu kila mara kuna kitu kimebonyeza triga. Walioandika utaratibu huu walimfundisha rubani wiki nzima kutoa kidole kwenye triga, alafu wakampa chuma akiingize palepale alipotoa kidole. Kila siku. Mara nne, mara sita. Kwa mikono yake mwenyewe. Kufuli lile lilikuwa kidole cha sita mkononi mwake na hakikuwa na mishipa ya kuhisi kimegusa nini.

Na hakuna dalili. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kifaa kizuri cha usalama ukikikosea kinakataa, kinakwama, kinapiga kelele. Mkanda wa gari usipoingia vizuri unatoka ukiuvuta. Kufuli hili ukilikosea linakubali, linatoa mlio uleule wa mafanikio, na linakusubiri usukume. Anayefanya vizuri na anayefanya vibaya wanasikia *tik* ileile.

La pili ni idadi. Silaha iliyo kwenye holsta, kiunoni, haijaguswa na mtu, ni kipande cha chuma. Hatari inaanza mkono ukiifuata. Waandishi wa sharti walikuwa wanaogopa bastola ikiwa nje ya chumba cha marubani, kwamba itaibiwa au rubani atasahau mkoba, na hofu hiyo ni ya haki kabisa. Ila walipunguza hatari moja kwa kuongeza nyingine ambayo hawakuihesabu. Kama kuna marubani elfu na kitu wanaoshika silaha hivi mara nne kwa siku ya kazi, kwa miaka mitano tangu 2003, mikono imepita kwenye triga zile mara milioni kadhaa. Ajabu kwangu ni kwamba ilichukua muda mrefu hivyo kufyatuka angani.

La tatu, lawama. Kumfukuza kepteni ni rahisi, jina lipo, kosa lipo, faili linafungwa. Sisemi hakuwa na sehemu yake. Angeweza kuhakikisha bastola imezama kwanza ndio apitishe kufuli, angeweza kuchagua wakati mwingine, angeweza kumkabidhi mwenzake ndege kwa maneno kabisa, "shika wewe, mimi nina kazi ya mikono", dakika moja tu. Lakini ukimfukuza na holsta ikabaki, kesho yake marubani wengine wote wanaamka wanapitisha kufuli kwenye tundu lilelile. Darasani kuna siku mzee mmoja mstaafu wa JKT alinibishia, akasema afande, askari akifyatua ovyo ni wa kwake, hakuna cha holsta. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Hoja yake ina uzito, bila mtu kuogopa kuwajibika nidhamu inakufa. Nilimwambia mzee wangu awajibike sawa, ila na aliyetoboa lile tundu naye aitwe.

Kuna jambo watu hulichanganya na kisa hiki. Agosti 2022 kulikuwa na rubani msaidizi, Marekani hukohuko, aliyekuwa na kibali cha bastola, akashtakiwa mwaka uliofuata kwamba alimtishia kepteni wake kumpiga risasi akigeuza ndege kwa ajili ya abiria mgonjwa. Hicho ni kisa kingine kabisa, ni cha mtu na kichwa chake, na dawa yake iko kwenye kuchuja watu. Chetu cha 2008 hata ungechuja malaika bado kingetokea.

Tulivyolijaribu darasani

Mwaka juzi nilichoka kueleza kwa mdomo. Nikaenda kwa fundi viatu mmoja Kariakoo na bastola ya mazoezi, ile isiyopiga kitu ila triga yake ipo na inatoa mlio, nikamwambia nishonee holsta ya ngozi hii, ibane, alafu nitobolee tundu hapa mpaka huku. Akaniangalia kidogo, akauliza tundu la nini bosi, litaharibu ngozi. Nikamwambia toboa tu. Kufuli nikanunua duka la pili yake.

Kundi lile walikuwa watu kumi na wawili. Nikawaonyesha vizuri, zamisha mpaka mwisho, hakikisha kwa kiganja, pitisha kufuli, bana. Kila mtu akafanya mara mbili amesimama, mezani, mwanga wa kutosha. Hakuna aliyekosea. Nikafurahi nusu na kuhuzunika nusu maana somo langu lilikuwa linakufa.

Alafu nikaweka kiti cha plastiki kwenye kona, nikamfunga mtu mkanda wa begi kiunoni na kwenye kiti ili asiweze kuinuka, nikamwambia afunge huku ananisomea namba za magari yanayopita nje dirishani. Wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Wa tatu ni dada mmoja makini kuliko wote, alikuwa na alama za juu siku ya kwanza, akapitisha kufuli, akabana, akasoma "T mia nne na…", akaona mpini umesimama juu kidogo, akausukuma kwa kiganja.

Tukasikia mlio mara mbili. Wa kufuli, na baada yake wa triga.

Akaacha kusoma namba. Akaifungua holsta taratibu, akachungulia kwenye lile tundu jicho moja limefumba, akakaa hivyo kama dakika nzima. Alafu akaomba kurudia, na safari hii kabla ya kupitisha kufuli akasema kwa sauti, "Ngoja magari yapite kwanza."